Vidole Viwili vya Pumzi

"Mimi hapana ona mutu," inasema redio ya mkononi. "Naona ng'ombe tatu na ule muti. Mutu hapana."

Ni saa moja na robo asubuhi katika malisho ya Kakiika, pembezoni mwa Mbarara, na umande bado haujakauka. Ng'ombe watatu wenye pembe ndefu wanakula majani bila haraka. Juu yao, kama mita themanini hivi, ndege ndogo isiyo na rubani imesimama hewani na kuvuma.

Redio hiyo iko kifuani mwa Eugénie Nabintu, na Nabintu yupo. Amelala chali katikati ya malisho, hatua kumi na tano kutoka kwa ng'ombe wa karibu, ndani ya gunia la kitambaa lililofungwa kuanzia utosini hadi chini ya viatu. Anasikia kila neno linalosemwa juu yake. Haruhusiwi kujibu wala kutikisa kidole mpaka dakika kumi na mbili ziishe.

Dakika ya tisa anakuja ndama. Ananusa mahali ulipo uso wa mwanamke huyu, kisha anainua mguu, anavuka, na kwenda zake.

"Kale, nyabo, simama," inasema redio hatimaye: haya, mama, simama. "Wewe umepita."

Anayesema ni Barigye, mwanajeshi mstaafu anayerusha hiyo droni akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya ua wa minyaa, macho kwenye skrini yenye kamera inayoona joto la mwili. Nabintu anajitoa kwenye gunia kwa kuanzia miguuni. Akishasimama anakohoa kwa nguvu, anapiga makofi mawili, na kutamka jina lake lote kwa sauti, kama mtu anayejitambulisha kwa umati.

Barigye ameshazoea. Anasema siku ya kwanza alidhani mama wa watu amepandwa na mashetani, akawa anatafuta pa kukimbilia.

Gunia analolikunja Nabintu sasa ni la mia mbili na sitini na tatu. Yamebaki mia moja thelathini na saba, na yote atayalalia yeye.

Ukikutana naye njiani huwezi kudhani ana lolote la ajabu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfupi, mcheshi, mama wa watoto watatu, mwenye kalamu ya chaki sikioni hata siku ya ibada. Alizaliwa Mwenga, Kivu Kusini, na amekuwa mkimbizi katika makazi ya Nakivale kwa zaidi ya miaka kumi. Mume wake, Parfait, analima mahindi na maharage huko. Nabintu hulala Mbarara siku za kazi, katika chumba cha kupanga mtaa wa Ruti, na kurudi kwa familia kila Jumamosi.

Karakana anakofanya kazi iko Ruti pia, nyuma ya duka la mabati na misumari. Haina kibao. Mwenye karakana, Bi. Kembabazi, alikubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina la biashara yake lisiandikwe na picha zisipigwe. Wafanyakazi ni kumi na tisa, wengi wao wanawake wa Kongo na Burundi.

Kembabazi alikuwa mwalimu wa ushonaji kabla ya kujiajiri. Alianza na vyerehani vinane na sare za shule. Ukimuuliza alifikaje kwenye vifaa vya ulinzi, anacheka na kuinua mabega.

"Mimi hapana tafuta hii kazi, ilinifuata," anasema kwa Kiswahili alichojifunza akiuza nguo kambini. "Kwanza ilikuwa wezi. Kampuni za walinzi zikataka yunifomu. Halafu watu wakaogopa mabomu, wakataka mapazia ya kusachia wanawake kwa mlango. Halafu risasi ya msituni, tukashona vesti, mifuko ya magazini, vesti, vesti, mpaka vidole vikavimba. Sasa woga imepanda juu. Kila mara adui anabadilika, mimi nauza masini, nanunua ingine."

Miaka miwili iliyopita oda za vesti zilipungua kwa nusu. Wanunuzi wake walimweleza sababu bila kuzunguka: anayevaa vesti anaogopa risasi, na siku hizi askari anaogopa kuonwa kwanza. Ndege zisizo na rubani zimekuwa rahisi, hata vikundi vya porini vinaweza kuzinunua, na usiku kwao ni kama mchana. Vifaa vya kujikinga kutoka nchi kubwa ni ghali mno. Nchi ndogo lazima ijishonee.

Ndipo likaja gunia. Kwenye karatasi lina jina refu na namba, lakini pale karakana kila mtu analiita gunia. Nje lina vipande vya kitambaa cha rangi ya majani makavu, katikati lina tabaka linalong'aa kama sufuria mpya, ndani lina pamba. Askari anaingilia miguuni, anavuta hadi kichwani, anakunja mwisho chini ya viatu, na joto la mwili wake linabaki naye ndani.

Nabintu alikabidhiwa meza ya vichwa, kwa sababu mkono wake ndio mwepesi kuliko yote. Mshono wa utosini, unaofunga gunia zima, ukawa wake peke yake.

Vita vya juu havikuwa habari ngeni kwake. Dada yake mkubwa, Fébronie, alibaki milimani Mwenga, na humpigia simu Jumapili baada ya misa, akipanda kwenye kilima chenye mtandao.

"Zamani adui alikuwa na miguu," Nabintu anasema, mikono ikiendelea kukunja. "Imbwa zinalia, unajua bale batu banakuja, unakamata batoto, unakimbilia mu pori. Huyu wa sasa hana miguu. Imbwa hazimusikie. Dada anasema iko nalia kama nzuki, unaangalia juu hauone kitu, lakini yeye anakuona. Habaanike tena nguo inje. Nguo ya rangi, habaanike."

Kwa hiyo alishona magunia yale kwa moyo wote. Kila moja alilifikiria kama la Fébronie, ingawa alijua fika kwamba hata moja halitafika huko. Na kwa moyo huohuo akafanya kosa ambalo nusura liwafukuzishe kazi wote kumi na tisa.

Mama yake Nabintu alikuwa fundi wa kijiji, na fundi wa kijiji hushona pia nguo za mwisho. Alimlea bintiye na sheria moja ambayo hakuwahi kuieleza, alisisitiza tu. Shuka la maiti hufungwa pande zote. Kitu chochote cha kumfunika mtu aliye hai hadi kichwani, iwe blanketi la mtoto mchanga au kifuniko cha kitanda cha mgonjwa, lazima kiachiwe mlango wa vidole viwili, upande wa kushoto wa kichwa.

"Alisema ukimufunga mutu muzima, umeshamuita kifo kwa jina," Nabintu anasema. "Mimi sikuwa nafikiri. Mukono ulikuwa unafanya wenyewe."

Mkono ukaacha mlango. Kwenye kila gunia, kushoto kwa utosi, ukaacha nafasi ya vidole viwili na kuipindia uzi vizuri kama tundu la kifungo. Hakuna aliyegundua, kwa sababu majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa madumu ya maji ya moto yaliyowekwa ndani ya magunia. Madumu yalipita. Hayapumui.

Siku ya kuonyesha bidhaa, wanunuzi watatu waliovaa kiraia walikuja Kakiika na kusema hawataki kuona madumu, wanataka kuona watu. Wanawake kumi na wawili wa karakana wakaingia kwenye magunia na kulala majanini kwa mistari, Nabintu akiwa wa nne. Barigye akarusha droni. Kembabazi akasimama nyuma ya wageni, roho mkononi, akitazama skrini.

Anachokumbuka kinamsumbua hadi leo. Malisho yalikuwa ya kijivu na matupu. Hapakuwa na mwili hata mmoja. Halafu, taratibu, mahali palipokuwa na vichwa, ikaanza kutokea miali kumi na miwili myeupe, myembamba, ikififia na kurudi, ikififia na kurudi.

"Kama mishumaa ya matanga," anasema. "Watu hapana, mishumaa tu. Mimi ni mtu mzima, nimezika bwana yangu, lakini siku ile nilifumba macho."

Mmoja wa wanunuzi alisogeza uso karibu na skrini na kusema jambo ambalo Barigye hulirudia kila akisimulia: kwamba kifaa hiki kinamwonyesha adui pale hasa pa kupiga. Wakawapa wiki tatu. Wakishindwa, oda ingekwenda kwingine, na karakana iliyokwisha kuuza vyerehani vyake vya vesti isingekuwa na cha kushona.

Waliporudi Ruti, Kembabazi alipindua gunia la kwanza ndani nje juu ya meza, akapitisha kidole kwenye mshono, akafika kwenye mlango. Akalipindua la pili. La tatu. Kisha akazima redio iliyokuwa ikiimba.

"Hii si masini imekosea," alisema. "Hii mtu alipenda. Nani?"

Nabintu aliweka mkasi mezani. Angeweza kukaa kimya, kwa kuwa meza ya vichwa ilikuwa na wasaidizi wawili na lawama ingegawanyika. Akasimama.

"Ni miye, Maama."

"Wewe? Fundi yangu? Kwa nini?"

Akaeleza. Alipofika kwenye shuka la maiti, wanawake wawili waliokuwa wamelala ndani ya magunia yale asubuhi walianza kujifuta mikono kwenye sketi zao.

Kembabazi alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka na hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Nabintu. "Nyabo, mimi sina shida na mambo ya kwenu," alisema. "Mama yako namheshimu. Lakini hawa watu wote wanakula kwa hii meza. Utafunga, au utanipa mkasi yangu uende. Bambi, tafadhali, usinifanye nikuambie mara mbili."

Nabintu analipwa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Tangu mgao wa chakula makazini upungue, fedha hiyo ndiyo unga, ndiyo ada, ndiyo dawa. Hakuhitaji kukumbushwa. Alikaa kwenye cherehani, akajikaza kisabuni, akafunga gunia moja. Akalifumua. Akafunga tena. Émérance, mshonaji kutoka Burundi ambaye anapanga naye chumba kimoja, alihesabu mara sita.

"Mimi ni Mkatoliki, hayo mambo siyaamini," Émérance anasema. "Nikamwambia, wewe nawe, hicho ni kitambaa tu, funga twende nyumbani. Akaniambia, basi funga wewe. Nikachukua uzi. Nikasema kidole kinaniuma. Hakikuwa kinauma."

Si kwamba Nabintu aliogopa kwa ajili yake. Aliogopa kwa ajili ya vijana asiowajua, mia nne kwa hesabu ya oda, ambao mama zao hawangejua kamwe kwamba kuna mwanamke huko Ruti aliyewafunga pande zote wangali wazima. Anasema waziwazi kwamba alilia, na kwamba alimlaumu mama yake kwa kumwachia sheria bila kumwachia njia ya kutokea.

Njia ilitoka kwa Fébronie. Jumapili ile Nabintu alikaa nje ya nyumba yake Nakivale, simu imewekwa sauti kubwa ili Parfait naye asikie. Upepo wa Mwenga ulikuwa ukikatakata maneno.

"Umesahau mambo ya muzee Aloys?" Fébronie aliuliza.

Nabintu alikuwa mdogo sana wakati huo. Mzee Aloys, jirani yao, aliugua hadi akakatiwa tamaa, na mama yao akaletewa shuka alishone mapema. Alilifunga pande zote. Mzee akapona. Shuka likabaki ndani ya nyumba limefungwa, lina mwenyewe aliye hai, na hakuna aliyetaka kulikaribia.

"Mama alifanya nini?"

"Aliingia ndani yake. Saa sita ya mchana, watu wakiwa wanakula. Akalala humo, akanyamaza, akaacha ile kitu imuone. Halafu akatoka, akakohoa, akasema jina yake yote kwa nguvu. Akasema kifo kikuje kitakuta hii nguo imeshatumika. Akatukatia kaptula."

"Alifanya mara ngapi?"

Mtandao ulipotea na kurudi. "Tatu," alisema Fébronie. "Mu maisha yake yote, labda tatu."

Jumatatu Nabintu alisimama mbele ya Kembabazi kabla hata hajavua kitenge cha safari. Akamwambia atafunga. Atafunga yote, mshono usiopitisha hata sindano. Ila kabla gunia halijatoka mlangoni, yeye atalilalia kwanza, kila moja, na hakuna mwingine atakayelilalia badala yake.

"Yote mia nne?" Kembabazi aliangua kicheko, kisha kikakatika. Alikumbuka wanunuzi walivyoyakataa madumu. Alikuwa hajui atawapa uthibitisho gani wiki tatu zikiisha, na uthibitisho huo ulikuwa umesimama mbele yake na vumbi la Nakivale miguuni.

"Kale," alisema. "Wewe utalala, Barigye atatazama. Kwa karatasi tutaita ukaguzi."

Na ndivyo ilivyo. Jaribio la pili lilipita, skrini ikabaki ya kijivu mwanzo hadi mwisho, oda ikatiwa saini. Wanunuzi walivutiwa hasa na huo ukaguzi, wakauliza nani aliyeubuni. Kembabazi akajibu kwamba ni utaratibu wa kiwanda. Kila gunia linalotoka Ruti lina kikaratasi kilichoshonewa ndani kinachosema limekaguliwa na mtu aliye hai.

Kinachotokea kwa huyo mtu hakikuandikwa popote.

Nabintu anasema siku za kwanza alikuwa akiomba rozari akiwa ndani. Baadaye akagundua kwamba ukimya wa humo unameza hata maneno ya moyoni. Unasikia damu yako, halafu huisikii. Unasikia redio ikisema hayupo, hayupo, mutu hapana, na inafika mahali unataka kuamini, kwa sababu anayesema anaona kuliko wewe. Ndiyo maana anapotoka anapiga makofi. Ndiyo maana jina analisema lote.

"Gunia la themanini na kitu hivi, nilitoka nikasimama, jina ikakataa kukuja," anasema. "Barigye alifikiri niko nacheza. Nilihesabu kwanza batoto yangu, moja, mbili, tatu, ndiyo nikajua mimi ni nani."

Kuna mengine. Miezi miwili iliyopita alipanga mstari Base Camp, kitovu cha makazi ya Nakivale, kwa uhakiki wa mgao, na mashine ya alama za vidole haikumtambua. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Mhudumu, kwa upole kabisa, alimwambia kazi yake ndiyo imemkwangua ngozi, kwamba nyuzi za lile tabaka linalong'aa zinalaza mistari ya vidole kama msasa, apake mafuta ya mgando na arudi Alhamisi. Alhamisi kidole kimoja kilikubali. Maelezo yalikuwa ya kweli na yanaeleweka. Hata hivyo Nabintu alirudi nyumbani akilitamka jina lake lote njia nzima.

Parfait naye ana lake. Anasema Jumapili mchana mkewe akijilaza kwenye mkeka uani, analala bila kujigeuza, mikono ubavuni, na kuku wanapita juu yake kana kwamba ni sehemu ya uwanja. "Zamani alikuwa anawafukuza hata akiwa usingizini," anasema. "Nilimwambia aache hiyo kazi. Nilimwambia mama yako alilala mara tatu, wewe unataka kufika wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna wa kulijibu. Fébronie hajui. Mama alikufa bila kuacha hesabu ya mwisho. Nabintu alikuwa ameshaamua: akimaliza mia nne anarudi Base Camp, anafungua kibanda cha sare za shule, na gunia halitamwona tena.

Halafu yakarudi magunia matano.

Wiki mbili zilizopita gari lilileta mzigo wa matengenezo kutoka kwenye shehena ya kwanza, ile ya magunia mia moja na ishirini. Hakuna aliyesema yalikuwa wapi. Yalinuka moshi na jasho, moja lina matope yaliyokauka hadi magotini, mengine yamechanwa na miiba. Kwa wanawake wa karakana ilikuwa mara ya kwanza kugusa kazi yao iliyokwisha kuvaliwa, na hakuna aliyekimbilia. Yakawekwa kwenye meza ya vichwa.

Nabintu alilipindua la kwanza, akapitisha kidole kwenye mshono wake mwenyewe, ule usiopitisha sindano. Kidole kikazama.

Pale kushoto mwa utosi palikuwa pamekatwa. Hakukuwa kuchanika. Ni kisu, tena kutokea ndani, mkato mmoja ulionyooka. Alilipindua la pili, likawa zima. La tatu, limekatwa, upande wa kulia. La nne zima. La tano limekatwa kushoto, na huyo aliyelikata alikuwa ameketi mahali, akatafuta sindano na uzi mweusi, akazipindia kingo zisiendelee kufumuka. Kwa mshono mbaya sana, Émérance anasema, mshono wa mtu asiyewahi kushona hata kifungo.

Nabintu aliingiza vidole viwili kwenye mkato ule. Vilienea.

Watu watatu wasiojuana na mama yake, labda wasiojuana wao kwa wao, wamelala mahali fulani chini ya mvumo ule, na kila mmoja ametoa kisu na kujifungulia mlango. Hakuna aliyewafundisha. Alikaa chini kwenye mabaki ya vitambaa na kulia hadi Kembabazi akatoka ofisini.

"Nililia ya furaha," anasema, na hata sasa macho yanamjaa. "Tangu nianze hii kazi sijapata habari ya hata mumoja. Sasa nikajua, bale batatu balikuwa bazima. Maiti haipasue."

Kembabazi hakuona furaha. Aliona mishumaa. Askari anayejikatia tundu anajionyesha pale pa kupigwa, na karatasi ya ukaguzi itakuwa haina maana. Wanunuzi nao wamedokeza oda nyingine, ya magunia elfu moja na mia tano. Alitaka mikato ile izibwe kimya kimya, mzigo urudishwe, na mdomo ufungwe.

Wakabishana siku nzima, mwenye mali na fundi wake, kwa sauti iliyofika hadi duka la mabati. Nabintu alisema mtu akishaamua kupumua utamzuia kwa uzi gani? Afadhali mlango uwe wetu kuliko uwe wa kisu. Jioni Kembabazi akampa kipande cha kitambaa na siku nne.

Alichokitengeneza kimelala sasa mezani. Ni kichwa cha gunia chenye mlango wa vidole viwili uliofunikwa na pindo mbili zinazopishana, ndani na nje, hivyo pumzi haitoki moja kwa moja juu. Inateremka pembeni ya sikio na kuishia kwenye majani. Amelilalia mara tatu. Mara mbili Barigye hakuona kitu. Mara ya tatu, asubuhi yenye baridi kali, aliona dakika ya kumi kitu kidogo, anasema, "kama mvuke ya chai, halafu ikaisha."

Mvuke wa chai unaweza kumuua mtu, na Nabintu anajua. Anafumua pindo ya nje kila jioni, anairefusha kidogo, anairudisha. Kibanda cha Base Camp kinaweza kusubiri. Parfait amekasirika, lakini wiki iliyopita alimtumia kopo la mafuta ya mgando kwa ajili ya vidole.

Wanunuzi wanakuja mwezi ujao kutazama kichwa kipya. Wakikubali, gunia halitakuwa tena la kufunga pande zote, na Nabintu hatalazimika kulilalia hata moja la oda hiyo mpya. Wakikataa, kazi itaendelea kama ilivyo: elfu moja na mia tano, mshono usiopitisha sindano, na mwanamke mmoja wa kuyalalia yote.

Anaulizwa atafanya nini wakikataa. Anakata uzi kwa meno na kulainisha pindo kwa kidole gumba.

"Bakikatala, nitafunga vile banapenda," anasema. "Lakini bote beko na visu."